Maji ya Jinja, Ukingo wa Busisi: Misingi ya Umeme na Gharama Yake kwa Ziwa Victoria

Umeme wa gridi hauchimbwi ardhini wala hauvunwi shambani, bali huzalishwa kwa kubadilisha nishati ya aina nyingine, na kwa sababu hiyo swali la umeme umetoka wapi haliwezi kutenganishwa na swali la kitu gani kimepungua huko ulikotoka. Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kutoka Busisi, upande wa magharibi wa Ghuba ya Mwanza, kwa kuwa wakazi wa ukingo huu wamewahi kuishi na matokeo ya umeme ambao hawakuutumia wao.

Mnamo 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku inapopitishwa ndani ya koili ya waya wa shaba, mkondo wa umeme huzuka katika waya huo. Ukiiacha mitambo ya jua, ambayo hutegemea mwanga, jenereta zote kubwa hufuata kanuni hiyo, ziwe za maji, za gesi au za mafuta mazito kama zile za Nyakato jijini Mwanza. Kinachotofautiana ni nguvu inayozizungusha. Volti ni kipimo cha msukumo wa umeme, ampea ni kipimo cha wingi wa mkondo, na wati ni zao la hivyo viwili, ilhali uniti anayoinunua mteja wa LUKU, yaani mita ya malipo ya kabla, ni nishati inayotumiwa na kifaa cha kilowati moja kwa muda wa saa moja. Kwa kuwa joto linalopotea katika nyaya huongezeka kwa mraba wa mkondo, kuzidisha volti mara mbili, ambako hupunguza mkondo hadi nusu kwa nguvu ile ile, hupunguza upotevu hadi robo, na ndiyo maana umeme wa gridi husafirishwa hadi Mwanza kwa kilovolti 220 kabla ya transfoma kuushusha hadi volti 230 za majumbani.

Katika mtambo wa maji, nguvu hutokana na uzito wa maji na kimo yanachoporomoka. Huko Jinja, Uganda, ambako Mto Nile unatoka Ziwa Victoria, maji ya bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, huporomoka takriban mita 20. Hesabu ya fizikia inaonyesha kwamba kwa kimo hicho uniti moja ya umeme hudai karibu tani 20 za maji. Kabla ya bwawa hilo, mwamba wa Maporomoko ya Ripon ndio uliokuwa ukiamua ni maji kiasi gani yatoke, na baada ya mwamba huo kuzama iliwekwa kanuni ya kimataifa kwamba milango ifunguliwe kwa kiasi kile kile ambacho ziwa, kwa kimo chake cha siku hiyo, lingekitoa lenyewe. Kanuni hii ndiyo iliyokuwa kinga ya ukingo wa Mwanza.

Kuanzia mwaka 2000 mtambo wa pili, Kiira, ulianza kuzalisha umeme sambamba na ule wa kwanza, ukinywa maji yake kwa mfereji wa pembeni. Mahitaji ya umeme yalipopanda, maji yaliyofunguliwa yalipita kiwango cha kanuni, na ukame ulipoongezeka juu yake, kina cha ziwa kilishuka zaidi ya mita moja kati ya 2003 na 2006. Uchambuzi wa kitaalamu uliofuata ulikadiria kwamba karibu nusu ya upungufu huo ilitokana na milango ya Jinja, si na mvua. Ghuba ya Mwanza haina kina kirefu, hivyo mita moja ya wima husogeza ukingo mbali sana kwa mlalo, ikikausha matete na maji mafupi ambamo sato huatamia mayai, na kuuacha mwalo mbali na maji. Hasara ya namna hii haionekani katika bei ya uniti, na hilo ni kosa la msingi katika namna umeme unavyohesabiwa.

Si kwamba mafuta ni nafuu zaidi kwa mazingira. Uganda ilipopungukiwa maji ilikodi jenereta za dizeli, na kila uniti ya dizeli hutoa takriban kilo 0.7 za hewa ya ukaa, mbali na moshi na masizi yanayowaangukia majirani wa mtambo. Nafuu ya kweli ilikuja mwaka 2012, pale mtambo wa Bujagali wa megawati 250 ulipokamilika chini zaidi mtoni, ukayafanyisha kazi mara ya pili maji yale yale yaliyokwisha kupita Jinja, bila kulidai ziwa tone la ziada.

Leo bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye mashine tisa na uwezo wa megawati 2,115, limepunguza sana utegemezi wa gridi ya Tanzania kwa gesi na mafuta, ingawa limebadilisha mtiririko wa maji na tope kuelekea delta ya mto huo, na wavuvi wa huko wanastahili kupimiwa mabadiliko hayo mapema, kabla hayajawa mazoea. Kwa Ziwa Victoria, chombo cha kufanya upimaji kipo tayari: Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Takwimu za maji yanayofunguliwa Jinja kila siku zinapaswa kubandikwa mialoni, Busisi ikiwamo, zikiwa kwa Kiswahili na kwa vipimo ambavyo mvuvi anaweza kuvilinganisha na kina anachokiona.