Vitamini na Ganzi ya Miguu kwa Wenye Kisukari
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Malipo ya mazao yanapotoka, wengi wa wenzetu wenye kisukari huenda kununua vidonge vya vitamini, kwa tumaini la kuondoa ganzi na moto unaowachoma nyayo usiku. Fedha hiyo ni jasho lao. Yafaa tujue inanunua nini.

Mara nyingi asili ya maumivu hayo ni sukari iliyozidi katika damu kwa miaka mingi, ikaharibu mishipa ya fahamu, ikianzia na ile mirefu iendayo miguuni. Vitamini si dawa ya kushusha sukari. Asiyepungukiwa nayo hana hakika ya kupata nafuu, hata akimaliza chupa nzima.

Lakini iko hali moja ambayo vitamini ni tiba ya kweli. Metformini, dawa itumiwayo na wengi wenye kisukari, huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, hasa kwa aliyeitumia miaka mingi na kwa kipimo kikubwa. Upungufu huo nao huleta ganzi na maumivu yale yale. Mtu hudhani ni sukari, kumbe ni B12. Mwaka 2022 wasimamizi wa dawa wa Uingereza waliwashauri waganga kupima B12 kwa mtumiaji wa metformini aonyeshaye dalili hizo. Upungufu ukigunduliwa mapema hutibika kwa sindano au vidonge; ukiachwa, madhara huweza kuwa ya kudumu. Hata hivyo, mtu asiache metformini bila shauri la mganga. B12 imo katika maini, nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Nafaka na mboga za majani hazina.

Jihadharini pia na vitamini B6. Imo katika vidonge vingi vya mchanganyiko, na ikizidi kwa muda mrefu yenyewe huharibu mishipa ya fahamu. Huenda mtu anameza ili apone, kumbe anajiumiza.

Basi, Ndugu Wajumbe, mrudipo vyamani waambieni wanachama: kwanza kipimo, ndipo vidonge. Tena kila jioni wakague nyayo zao, kwani mguu wenye ganzi hausikii mwiba, na kidonda kisichosikika huweza kumpotezea mkulima mguu wake.