PRESHA ISIYOYUMBA UNAPOPULIZA RANGI
Maelezo yaliyotolewa kwa mafundi na wanagenzi wa karakana ya kambi

Karakana za kambini hupata kazi ya kupaka rangi madawati ya shule, vitanda vya chuma, milango na baiskeli. Rangi na thina hununuliwa mjini kwa bei kubwa, na mara nyingi fedha ni za kikundi kizima. Kopo moja likiharibika, hasara ni ya wengi. Maelezo haya yatakusaidia kupata presha ya upepo iliyo sawa tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho.

Dalili za presha mbaya

Presha ikiwa ndogo, rangi hutoka kwa matone makubwa na uso wake hufanana na ganda la chungwa. Ikiwa kubwa mno, rangi hukauka kabla ya kufika kwenye ubao na nyingi hupotea kama ukungu. Ikipanda na kushuka, utaona makosa yote mawili kwenye dawati moja. Hapo mafundi wengi hukimbilia kuongeza presha. Lakini kama kinachopungua ni upepo wenyewe, kuongeza presha kutaumaliza upesi zaidi.

Presha na kiasi cha upepo

Presha ni nguvu ya msukumo, nayo hupimwa kwa bar au pauni. Bar 1 ni karibu pauni 14.5. Kiasi cha upepo hupimwa kwa lita kwa dakika. Bunduki ya rangi huhitaji vyote viwili.

Chukua mfano huu. Bunduki yako inatumia lita 200 kwa dakika kwa presha ya bar 3. Kompresa inatoa lita 120. Kila dakika unapungukiwa lita 80. Tangi ni la lita 50, na pampu huwaka presha ikishuka hadi bar 6. Kutoka bar 6 hadi bar 3 tangi lina akiba ya lita 150 tu. Kabla ya dakika mbili kwisha, presha itaanza kuanguka, hata kama regyuleta ni mpya.

Kwa hiyo soma kibao cha kompresa kabla ya kununua au kuazima bunduki. Angalia kama namba iliyoandikwa ni ya hewa inayovutwa au ya upepo unaotoka, kwa sababu unaotoka huwa pungufu. Bunduki zenye alama HVLP hutumia presha ndogo puani lakini hula upepo mwingi, hivyo nyingi hazifai kompresa ndogo.

Kama kompresa ni ndogo na huna nyingine, tumia bunduki yenye pua ndogo. Anza kila ubao tangi likiwa limejaa, umalize ubao huo, kisha usubiri lijae tena. Usisimame katikati ya ubao.

Hatua za kuweka presha

1. Safisha kichujio cha hewa cha pampu. Kagua mkanda usiwe umelegea. Paka povu la sabuni kwenye maungio yote; likitoa mapovu, upepo unavuja.

2. Tumia mpira wenye tundu la milimita 8 au zaidi, usiozidi mita 10. Mpira mwembamba wa kujazia matairi hupunguza presha njiani.

3. Jaza tangi, kisha vuta kifyatulio cha bunduki bila rangi na ukishikilie. Rekebisha regyuleta wakati upepo unatoka. Geji iliyosoma bar 3 kifyatulio kikiwa kimeachwa inaweza kushuka sana ukikivuta. Hesabu ya kufuata ni ile ya upepo unapotoka.

4. Jaribu kwenye kipande cha boksi. Anza na bar 2, ongeza kidogo kidogo hadi matone yawe madogo na sawa, kisha acha. Kama bunduki ina maelekezo ya kiwanda, yafuate hayo.

Maji katika upepo

Hewa ikibanwa hupata joto, na ikipoa hutoa maji. Maji hayo yakifika kwenye rangi huacha vitundu na mabaka. Fungua koki ya chini ya tangi kila siku baada ya kazi. Weka kichujio cha maji karibu na bunduki, mbali na kompresa, ili upepo uwe umepoa kabla ya kukifikia. Maji yakiachwa hutoboa tangi kwa kutu kutoka ndani, mahali usipopaona.

Mambo ya hatari

Usizibe wala kukaza vali ya usalama. Tangi lililoliwa na kutu lisichomelewe kiraka, liondolewe kazini. Usitumie mtungi wa gesi ya kupikia kama tangi. Usipulize rangi kwa oksijeni ya wachomeleaji hata kidogo: ikikutana na mafuta au rangi huweza kulipuka. Usimwelekezee mtu upepo, hata kwa mzaha.

Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko, sigara na watoto. Kitambaa puani hakizuii mvuke wa thina. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Rangi za kuchanganya na kigumishi mara nyingi zina sumu inayoharibu mapafu, na hutaka barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama karakana haina kifaa hicho, kataa kazi hiyo.

Ndugu fundi, kabla hujafungua kopo la rangi, hakikisha upepo unatosha, umekauka, na umepimwa kifyatulio kikiwa kimevutwa. Tafadhali msomee maelezo haya mwenzako asiyejua kusoma.