Matarishi wa Mwili na Ugonjwa wa Shinikizo la Damu



Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, jina lake C. P. Donnison, alichapisha habari iliyowafanya madaktari wa Ulaya kufikiri sana. Donnison alikuwa amefanya kazi katika Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya, na huko alikuwa amewapima watu 1,000 nguvu ya damu yao. Uingereza ilijulikana ya kuwa kadiri mtu anavyozidi kuzeeka, ndivyo damu yake inavyozidi kuisukuma mishipa. Lakini wazee wa Kavirondo hawakuwa hivyo. Tena, katika wagonjwa waliolazwa hospitalini kwa muda wa miaka miwili, hakuonekana hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao siku hizi wengi huuita presha.

Mambo yamegeuka tangu wakati ule. Mwaka 2015 watu wazima wa Kenya walipimwa katika uchunguzi wa nchi nzima, ikaonekana ya kuwa karibu mtu mmoja katika kila wanne ana shinikizo la damu lililopanda. Na zaidi ya nusu ya watu walioulizwa walikuwa hawajapata kupimwa hata mara moja. Wajukuu wa wazee wale wana damu ile ile na mafigo yale yale. Basi, ni kitu gani kilichobadilika? Ili kulijibu swali hili yafaa kwanza kujua jinsi mwili unavyoitawala damu yake.

SHINIKIZO LA DAMU NI NINI

Moyo husukuma damu katika mishipa kama pampu isukumavyo maji katika bomba. Nguvu ya damu juu ya kuta za mishipa ndiyo shinikizo la damu. Hupimwa kwa tarakimu mbili: ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza, na ya pili ni nguvu yake wakati moyo unapolegea. Mtu akipimwa mara kwa mara, kwa siku mbalimbali, na kipimo chake kikawa 140 kwa 90 au zaidi, madaktari wengi husema ana ugonjwa huu.

Ubaya wake ni kwamba huingia bila kupiga hodi. Mtu hulima, huenda sokoni, hucheka na wenziwe, wala hasikii maumivu yo yote. Miaka kumi hupita. Kisha siku moja mkono mmoja unakufa ganzi na ulimi unakuwa mzito, au miguu inavimba, au daktari anampima mkojo na kumwambia kwamba mafigo yake yameharibika.

MATARISHI WA MWILI

Kila ofisi ina tarishi. Bwana mkubwa haendi mwenyewe kila mahali. Huandika barua, naye tarishi huipeleka. Mwili pia una matarishi wake, nao huitwa homoni. Hutengenezwa katika tezi na katika viungo vingine, hutiwa katika damu, na damu huwachukua mpaka mahali walikotumwa. Wakifika huko hutoa amri: kaza, legeza, shika, achilia.

Mmoja anajulikana na kila mtu, ijapokuwa si kwa jina. Mtu akikutana na chui njiani, moyo humwenda mbio. Hiyo ni kazi ya adrenalini, itokayo katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya mafigo. Hatari ikiisha, tarishi huyu huondoka na damu hutulia. Lakini wako matarishi wengine ambao kazi yao ni ya polepole, na hao ndio wenye kuleta madhara ya miaka mingi.

FIGO LINAPOPIGA MBIU

Mwaka 1898, katika mji wa Stockholm, Robert Tigerstedt na mwanafunzi wake Per Bergman walisaga mafigo ya sungura, wakachukua maji yake, wakawadunga sungura wengine. Damu ya sungura wale ikapanda nguvu. Kitu hicho wakakiita renini. Kwa miaka mingi watu hawakukitilia maanani, mpaka mwaka 1934, Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alipoibana kidogo mishipa iendayo kwenye mafigo ya mbwa. Damu ya mbwa hao ilipanda, ikakaa juu.

Sababu yake hufahamika upesi na mtu aliyepata kumwagilia shamba kwa mfereji. Mwenye shamba la mwisho akiona maji yamepungua, hudhani mto umekauka, naye hupiga kelele ili mlango wa maji ufunguliwe zaidi. Kumbe mto umejaa, ila jirani ameziba mfereji kwa matope. Ndivyo lilivyo figo. Mshipa wake ukibanwa, hudhani mwili mzima umepungukiwa na damu, likapiga mbiu.

Mbiu yenyewe ni renini. Renini hukata kitu fulani kilichotengenezwa na ini, na kipande kilichokatwa huitwa anjiotensini. Damu ipitapo mapafuni, kipande hicho hukatwa tena, na hapo hupata nguvu zake kamili. Anjiotensini hii hufanya kazi mbili. Kwanza, hubana mishipa midogo ya damu mwili mzima. Pili, huzifikia zile tezi zilizo juu ya mafigo na kuziamuru zimtoe tarishi mwingine, aldosteroni, aliyegunduliwa London mwaka 1953. Aldosteroni hurudi kwenye figo na kuliambia: shika chumvi, usiiachilie. Mahali chumvi ikaapo, maji hukaa pia. Hivyo mishipa imekwisha kuwa myembamba, na damu iliyomo imezidi wingi. Shinikizo halina budi kupanda.

Mtu asidhani ya kuwa matarishi hawa ni maadui. Mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kuzaa, au mtoto aliyeharisha mpaka akakauka, husaidiwa nao kuokoa maisha yake. Madhara huja wanapotumwa bila haja, siku baada ya siku.

MGONJWA WA MICHIGAN

Mwaka 1954 mwanamke wa miaka 34 alifika kwa Daktari Jerome Conn katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Kwa miaka mingi alikuwa akishikwa na udhaifu wa misuli na kukakamaa, hata wakati mwingine miguu ikakataa kumchukua. Shinikizo la damu yake lilikuwa limepanda, na potasiamu, ambayo ni chumvi ya namna nyingine ihitajiwayo na misuli na moyo, ilikuwa imepungua sana katika damu yake.

Conn alimchunguza kwa miezi mingi, akakata shauri kwamba aldosteroni inatolewa kupita kiasi. Mwezi wa Desemba alipasuliwa, na uvimbe ukakutwa katika tezi moja juu ya figo. Ulipoondolewa, mwanamke yule alipona udhaifu wake, na shinikizo la damu likashuka.

Zamani ilidhaniwa kwamba ugonjwa huo ni wa nadra. Siku hizi madaktari wengi hukadiria kwamba wanao watu 5 mpaka 10 katika kila 100 wenye shinikizo la damu, na wengi wao hawajui. Kwa hiyo mgonjwa ambaye damu yake haishuki ijapokuwa anameza dawa tatu kwa uaminifu, au ambaye potasiamu yake iko chini, yafaa amwulize daktari habari za kupima aldosteroni. Yako pia magonjwa mengine ya tezi yapandishayo damu, kama yale ya kuzidi kwa adrenalini, ambayo humletea mtu kuumwa kichwa, kutokwa jasho na moyo kwenda mbio kwa ghafula. Lakini hayo ni machache.

MOYO NA FIGO HUUMIA PAMOJA

Moyo unaosukuma damu katika mishipa iliyobanwa ni kama mtu apandaye mlima na gunia mgongoni. Kwanza misuli yake huwa minene. Baadaye huwa migumu, kisha huchoka, na maji hujaa mapafuni na miguuni. Figo nalo lina vichujio vidogo sana, kiasi cha milioni moja katika kila figo. Nguvu ya damu huvivunja kimoja kimoja, na kilichokufa hakioti tena. Figo lililoharibika hushindwa kutoa chumvi, tena huzidi kupiga mbiu ya renini. Damu hupanda zaidi, na vichujio vingine hufa. Duara hilo likiachwa lizunguke, mwisho wake ni kusafishwa damu kwa mashine.

Moyo haukuachwa bila silaha. Mwaka 1981, huko Kingston, Kanada, Adolfo de Bold na wenzake walionyesha ya kuwa vyumba vya juu vya moyo vina homoni yake, iliambiayo figo liachilie chumvi na maji. Lakini tarishi huyu peke yake hawashindi wale wengine wanapokuwa wengi.

DAWA ILIYOTOKA KWA NYOKA

Katika nchi ya Brazili yuko nyoka aitwaye jararaca, ambaye sumu yake huweza kushusha nguvu ya damu. Mnamo mwaka 1965 Sérgio Ferreira alipata katika sumu hiyo kitu ambacho baadaye kilionekana kuzuia anjiotensini isipate nguvu zake. Wataalamu wa Marekani walifuata njia hiyo wakatengeneza dawa ya kaptoprili, iliyoruhusiwa kutumiwa Marekani mwaka 1981. Tangu hapo dawa za jamaa hiyo zimeokoa mioyo na mafigo ya watu wengi. Lakini mama mwenye mimba asizitumie, kwa kuwa humdhuru mtoto tumboni.

Waafrika wengi wenye shinikizo la damu huonekana kuwa na renini kidogo, na miili yao hushika chumvi sana. Kwa sababu hii dawa moja haiwafai watu wote sawasawa. Katika jaribio lililofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, ilionekana kwamba dawa ya amlodipini ikichanganywa na nyingine hushusha damu vizuri kuliko mchanganyiko usio na amlodipini. Kumchagulia mgonjwa dawa ni kazi ya daktari, wala haifai kuazima vidonge vya jirani.

KITU KILICHOBADILIKA

Jibu la swali la mwanzo lilionekana kwa sehemu mwaka 1990, ilipotolewa habari ya uchunguzi wa Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kukaa Nairobi. Damu yao ilipanda kuliko ya wenzao waliobaki nyumbani. Mikojo yao ilionyesha kwamba chumvi ya chakula imezidi mno kuliko potasiamu, ambayo hupatikana katika mboga, matunda na viazi. Uzito wao pia ulikuwa umeongezeka, na mapigo ya moyo yalikuwa mengi zaidi. Siku hizi maisha ya namna hiyo yamefika hata vijijini, pamoja na vyakula vya pakiti na chumvi ya mezani.

Basi yampasa kila mtu mzima apimwe damu, hata kama hasikii ugonjwa. Chumvi ya siku nzima, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya dukani, isipite gramu 5, nayo ni kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza kabla ya kutumia chumvi ya potasiamu. Na yeye aliyekwisha kupewa dawa asiiache kwa sababu anajisikia mzima. Kule kujisikia mzima ndiko kuliko wadanganya wengi, na kipimo kilichoshuka ni ushahidi kwamba dawa inafanya kazi yake. Akiiacha, matarishi watarudi njiani siku ile ile, wala hawatapiga hodi.