Sisimizi na Jua la Bondeni



Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mdudu ambaye kila mtu amjua na wachache humtazama, naye ni sisimizi. Huenda wako watakaouliza, "Sisimizi ana faida gani hata tuache kazi zetu?" Jibu tutalitoa hapo mbele, nalo lahusu ngano.

Kwanza tukumbuke nchi yetu ilivyo. Mtu aondokaye Mbulu mjini alfajiri amejifunika blanketi, akiteremka Magara kuelekea ziwa Manyara, hulivua blanketi lake njiani. Ni vivyo hivyo kwa ashukaye Yaeda Chini, au atokaye katika msitu wa mlima Hanang, ambao kilele chake chapita mita 3,400, akafika mbugani karibu na ziwa Balangida. Kwa kila mita 1,000 za kushuka, joto la hewa huongezeka kiasi cha digrii 6 hivi. Lakini hiyo ni hewa ipimwayo kivulini, penye kimo cha mtu. Sisimizi hutembea juu ya udongo wenyewe, na udongo mtupu saa saba mchana huwa na moto kuliko hewa kwa mbali sana. Mchungaji asiye na viatu aijua habari hii kuliko sisi.

Tena udogo wa mwili wake ni taabu kwake. Kokoto hupata moto upesi kuliko jabali. Ndivyo alivyo sisimizi. Hana jasho la kumpoza, na maji ya mwilini mwake ni machache mno, ingawa ngozi yake ngumu imepakwa mfano wa nta ili yasipotee. Sisimizi wengi hufa mwili ukifika kati ya digrii 40 na 50. Basi, waishije?

Wengi hawashindani na jua, bali hulikwepa. Siafu, ambao wengi wetu wametuamsha usiku tukaruka kitandani, hawana macho kabisa, walakini jua walijua. Hupenda kusafiri usiku, au penye kivuli na unyevu. Wakilazimika kuvuka mahali peupe, hujenga kingo za udongo kando ya njia yao, na pengine kuifunika juu, na askari wao husimama pande mbili wakiwafunika wenzao kwa miili yao. Na wale weusi wakubwa wachukuao mbegu za majani hutoka asubuhi na jioni. Jua likiwa kali huingia shimoni. Mtu akichimba nusu mita tu ataona ya kuwa huko chini joto la mchana na la usiku ni karibu sawa. Humo ndani watoto wao huchukuliwa huku na huku kama mama ahamishavyo mtoto: kukiwa na baridi hupandishwa karibu na jiwe lililopata jua, na joto likizidi hushushwa.

Hata hivyo wako wachache waliothubutu kulikabili jua lenyewe, nao hatuna budi kuwataja. Katika jangwa la Sahara yuko sisimizi wa rangi ya fedha. Profesa Rüdiger Wehner wa Chuo Kikuu cha Zurich na wenzake walieleza mwaka 1992 ya kuwa mdudu huyu hutoka katikati ya mchana, kwa muda mfupi tu, wakati mijusi wamwindao wamekwisha kukimbia joto. Huokota wadudu waliokufa kwa jua, kisha hurudi mbio. Akichelewa, mwili wake ukapita digrii 53 na kitu, amekwisha. Miguu yake mirefu humwinua kutoka katika mchanga, maana milimita chache juu hewa ina nafuu kubwa. Mwaka 2015 ilijulikana pia ya kuwa nywele zake, ambazo zikikatwa huonekana zina pembe tatu, hurudisha nuru ya jua kama kioo na kusaidia mwili kutoa joto. Ajabu zaidi, kabla ya kutoka shimoni mwili wake huwa umekwisha kutengeneza protini za kuukinga na joto. Hangoji kuungua ndipo atafute dawa. Wenzake wa jangwa la Namib, huko kusini, hupanda juu ya bua la jani wapoe kidogo, kisha huendelea na safari.

Sasa tuje kwenye ngano. Mwaka 2011 wataalamu wa Australia walitangaza majaribio waliyofanya katika mashamba ya nchi kavu yenye joto. Mahali pamoja waliwaua sisimizi na mchwa kwa dawa, mahali pengine wakawaacha. Palipoachwa wadudu, mavuno ya ngano yalizidi kwa asilimia 36, kwa kuwa matundu yao yaliingiza maji ya mvua ardhini, na naitrojeni ilizidi katika udongo. Hatusemi ya kuwa hesabu hiyo itafaa Basotu kama ilivyo. Na mchwa, ambaye kwa kweli ni wa ukoo wa mende wala si wa sisimizi, twamjua alavyo mahindi yetu, hatumtetei. Lakini maji ya mvua yatakayo njia ya kuingia ni yale yale.

Kwa hiyo twawaomba mfikiri kabla ya kuchoma mabua. Moto wenyewe hupita upesi, na sisimizi aliye chini sana huweza kuokoka. Taabu huja baadaye, kwa maana ardhi nyeusi iliyo tupu hunywa jua kutwa nzima, na saa za kufanya kazi juu yake hupungua. Mabua yakiachwa yamelala, kivuli chake kidogo chamtosha.

Walimu waweza kuonyesha jambo hili shuleni bila gharama. Wekeni chembe za sukari mahali pawili, penye majani makavu na penye udongo mtupu, saa mbili asubuhi, saa saba mchana na saa kumi na moja jioni. Watoto wahesabu sisimizi wanaofika kila mara, waandike, na siku ya pili warudie.