Mkanda wa Taimingi na Vipuri Vinavyochakaa Pamoja Nao

(Mada iliyotolewa kwa wamiliki wa magari na mafundi, Kariakoo, Dar es Salaam)



Swali ninalotaka kulijibu leo mnalifahamu. Gari lipo gereji, upande wa mbele wa injini umefunguliwa, na fundi anakupigia simu: “Mzee, mkanda wa taimingi tunabadilisha kama tulivyokubaliana, ila naomba tuongeze beringi, sili na pampu ya maji.” Wewe unajiuliza: huyu ananishauri, au ananikamua?

Kwa kazi hii mahususi, mara nyingi anakushauri. Yapo mambo ya kumhoji fundi, nami nitayafikia, lakini tuanze na injini yenyewe.

Mkanda wa taimingi ni ukanda wa mpira wenye meno. Huunganisha krenki na kemshafti ili vali zifunguke na kujifunga kwa kupatana na mwendo wa pistoni. Haufanyi kazi peke yake. Kuna beringi ya kuukaza, ambayo mafundi huiita tenshena. Katika injini nyingi zipo pia beringi za kuuongoza. Nyuma ya magurudumu yake zipo sili zinazozuia mafuta ya krenki na ya kemshafti. Na katika injini kama 3S ya RAV4 za mwanzo, au EJ20 ya Subaru Forester na Impreza, mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji.

Vipuri hivi vyote vimetembea kilomita zilezile. Beringi iliyochoka ikikwama, mkanda uliowekwa juzi huruka meno au hukatika. Sili ikivuja, mafuta hula mpira. Pampu ikilegea, huvujisha maji juu ya mkanda na kuuyumbisha. Kwa baadhi ya injini, kama 5A ya Corolla, mkanda ukikatika gari huzima tu, ukavutwa hadi gereji. Kwa EJ20, na kwa injini za dizeli kama 3L ya Hiace na 1KZ ya Prado, vali hugongana na pistoni na kupinda. Hapo hamzungumzii tena mkanda, mnazungumzia injini. Dereva wa Hiace ambaye gari ndilo ada ya shule ya watoto wake haitaji kuelezwa zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano, si bei ya soko. Fundi anatoza shilingi 150,000 kwa kufungua na kufunga. Tenshena inauzwa shilingi 60,000. Ukiibadilisha leo, unaongeza 60,000. Ukiiacha ikaanza kulia baada ya miezi minane, utalipa hiyo 60,000, utalipa ufundi wote upya, na pengine utanunua mkanda wa pili.

Kipimo ninachowapa ni hiki: je, kipuri hicho kinafikiwa kwa kufungua kulekule? Beringi na sili, ndiyo, vibadilishwe. Pampu inayozungushwa na mkanda wa taimingi, ndiyo. Pampu inayozungushwa na mkanda wa nje ikaguliwe kwanza: izungushwe kwa mkono, na kitundu chake cha chini kitazamwe kama kina alama za maji yaliyokauka. Mikanda ya nje imekwisha kutolewa, kwa hiyo iliyopasuka isirudishwe. Plagi na chujio la hewa havihusiki. Vinaweza kubadilishwa siku yoyote bila kugusa mkanda, na anayevitia katika bili ya kazi hii ana haki ya kuulizwa sababu.

Wapo pia wanaouziwa mkanda ambao gari lao halina. Toyota IST na Vitz zenye injini ya 1NZ hutumia cheni. Kibati kilichomo ndani ya boneti huonyesha aina ya injini. Kisomeni kabla ya kwenda gereji.

Kuhusu muda, watengenezaji wengi wa Japani waliweka kilomita 100,000, na baadhi ya magari ya dizeli ya Toyota huwasha taa ya T-BELT yakifika hapo. Lakini kilomita za gari la mtumba si za kuaminiwa sana. Tafuteni kibandiko chenye tarehe na kilomita za mabadiliko ya mwisho, hata kama kimeandikwa Kijapani. Kisipokuwepo, hesabuni kwamba mkanda ni wa zamani. Na foleni ya kutoka Kimara hadi Kariakoo haionekani kwenye dashibodi: injini inazunguka, kilomita zimesimama. Anayejaza maji matupu katika rejeta badala ya kulanti anaiozesha pampu kwa kutu. Aliyevuka Jangwani wakati wa mafuriko afungue kifuniko cha mkanda akaone tope lililoingia.

Sasa dukani. Kariakoo mtapata kila kitu, cha halisi na cha bandia, kwenye kaunta moja. Msiombe “belti ya Mark II”. Semeni GX110, injini 1G-FE, na muombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Si ushamba. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mnunuzi akimweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia, huku akitegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Na bila maandishi mtabaki kubishana nani alisema nini. Linganisheni namba iliyochapwa mgongoni mwa mkanda na ile ya kwenye boksi. Mkanda uliokunjwa vikali au uliokaa juani ukining’inia msumarini muuacheni hapohapo. Beringi za mtumba kwa kazi hii, hata ziwe zimetoka Japani, mimi sizishauri kabisa.

Na hapa ndipo fundi anapopaswa kuhojiwa. Mwende naye dukani, mkilipa wenyewe. Desturi ya duka kumpa fundi chochote kwa kuleta mteja inajulikana na kila aliyeketi hapa, na bei yake iko ndani ya bei yenu. Baada ya kazi, dai vipuri vya zamani pamoja na maboksi matupu ya vipya. Fundi mwaminifu huvifunga kwenye mfuko kabla hujauliza.

Ukigundua umeuziwa bidhaa bandia, fahamu kwamba Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inalifanya hilo kuwa kosa, na Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Malalamiko hupokelewa na Tume ya Ushindani. Njoo na risiti, boksi na kipuri chenyewe. Hasa mkanda uliokatika usiutupe: meno yaliyonyofoka, ukingo uliochanika na mpira uliolowa mafuta kila kimoja kina habari yake, na mtaalamu anaweza kuisoma.

Nakaribisha maswali. Waliokuja na vipuri mkononi waanze.