Saratani ya mapafu si ya wanaume pekee
Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha kuwa wanaume 15 kati ya 100 nchini huvuta tumbaku. Wanawake hawafiki hata mmoja. Hivyo wengi hudhani ugonjwa huu ni wa wanaume. Sivyo. Mwanamke anayevuta sawa na mwanamume yumo hatarini vilevile. Asiyevuta naye huvuta moshi wa mumewe katika chumba kimoja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza sigara mahali pa umma, lakini hailindi kitanda cha mtoto.

Baba, acha sigara. Mama, kikohozi kikizidi wiki mbili, nenda kituo cha afya. Ukitibiwa TB na usipate nafuu, rudi uchunguzwe zaidi. Usingoje damu.