NAMBA ZA MASOMO KATIKA VYUO VYA MAREKANI

(Maneno ya mazungumzo kwa wazazi na vijana wanaotazamia masomo ya ng'ambo)



Mwezi wa Septemba, 1959, ndege iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda kusoma Marekani, na tangu hapo vijana hawajaacha kuifuata njia hiyo. Kila afikaye huko hukabidhiwa, kabla hata hajaizoea baridi, orodha ndefu ya masomo yenye namba: Historia 101, Hesabu 220, Kemia 415. Asiyejua maana ya namba hizo aweza kupoteza fedha za wazee wake na mwaka mzima wa umri wake.

Mtoto wa shule huitwa kwa darasa lake. Akiwa darasa la saba, masomo yake yote ni ya darasa la saba. Katika chuo cha Marekani namba ni ya somo, wala si ya mtu. Mwanafunzi yule yule aweza kusoma hesabu za 300 asubuhi na historia ya 100 mchana, wala hapana amchekaye.

Katika vyuo vingi tarakimu ya kwanza huonyesha uzito wa somo. Masomo ya 100 ni ya kuanzia, ya 200 ni ya mwaka wa pili, ya 300 na 400 ni ya waliokwisha kukomaa, na kuanzia 500 ni ya wenye shahada tayari. Lililo chini ya 100 lataka uangalifu: mara nyingi ni la kumtayarisha aliye nyuma, ada yake hulipwa, lakini halihesabiwi katika shahada.

Walakini kila chuo kina sheria yake. Huko Berkeley, California, 1 hadi 99 ni masomo ya miaka miwili ya kwanza, na 100 hadi 199 ni ya miwili ya mwisho. Mgeni achaguaye somo la 101 akidhani ndio mlango wa kuingilia atajikuta darini! Katika chuo cha M.I.T. namba hutaja kwanza idara: 8 ni fizikia, 18 ni hesabu, hata wanafunzi huitaja idara yao kwa namba badala ya jina.

Wenye busara zaidi, pengine, ni watu wa Texas, ambao vyuo vyao vingi vimepatana juu ya namba za namna moja. Katika Historia 1301, ile 1 ya mwanzo ni mwaka wa kwanza. 3 ni krediti, yaani kipimo cha kazi, kwa kawaida saa tatu za darasani kila juma. Na 01 hulitambulisha somo lenyewe. Faida huonekana siku mwanafunzi anapotoka chuo cha miaka miwili kwenda chuo kikuu: namba zikilingana, ni rahisi krediti zake kuhama pamoja naye. Zisipolingana, aweza kuambiwa arudie somo alilokwisha kulilipia na kulifaulu. Shahada ya kwanza hutaka krediti kama 120, na kila moja ina bei.

Basi atakaye kuhama na aulize mapema, kwa maandishi, ni masomo yapi yatakayokubaliwa aendako. Tena asome mstari mdogo ulio chini ya jina la somo, utajao somo litakiwalo kutangulia, kwani pasipo hilo mara nyingi hataruhusiwa kujiandikisha.